Nilivyoachana na "mia toa saba"

Nilipopangiwa kitengo cha afya ya akili hapa Tabora, watu niliowaheshimu walinipa ushauri wa aina mbili. Kwanza, shika fomu ya kupima akili ya mgonjwa, anza swali la kwanza umalizie la mwisho. Pili, mwenye huzuni usimuulize habari za kujiua, utamtia wazo. Huo wa pili unanikera mpaka leo, maana bado nausikia ukirithishwa kwa vijana wapya.

Mzee mmoja aliletwa kutoka upande wa Sikonge, kabanwa katikati ya wanawe wawili kwenye pikipiki, mikono imefungwa kamba. Hali, halali, anaongea peke yake. Walishapita kwa mganga, huko na nauli vikawala laki na ushee. Joto, kipimo cha malaria, sukari, vyote safi. Hapo usiruke hata siku moja: malaria ikipanda kichwani mtu huweweseka ukamwandikia kichaa. Ukiona fahamu zinakuja na kupotea, au mtu anaona vitu ukutani, hangaika na mwili kwanza.

Nikamfungua kamba, nikafungua fomu. "Baba, mia ukitoa saba inabaki ngapi?" Kimya. "Haya, nitajie miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma." Akainamia mikono yake, anasugua pale kamba ilipokuwa. Nikaandika: umakini hafifu, kumbukumbu hafifu. Ilibaki kidogo nimwandikie ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Mzee hakuwahi kukaa darasani! Nilikuwa nimempima shule, akili yake sijaigusa.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaiacha fomu mezani, nikavuta kiti ubavuni mwake badala ya kumkalia mbele kama polisi. "Mwangaluka, baba," nikamsalimia kwa lugha ya kwao. Akaitikia, mara ya kwanza tangu aje. Wanawe walishaniambia ni mrina asali, basi nikamuuliza: nikija na elfu 50, nikachukua lita 3 kwa elfu 8 kila moja, utanirudishia ngapi?

"26."

Nikiongeza lita 2?

"Inabaki 10. Lakini nani kakudanganya bei hiyo?"

Nilifurahi sana. Umakini upo, hesabu ipo, uamuzi upo, na mzee hajadhalilika. Akaanza kunieleza mizinga yake, ghafla maneno yakapungua kasi. Tangu mkewe afariki hajaenda porini. Yale maongezi ya peke yake? Jioni humsimulia marehemu habari za siku, na anajua fika kwamba amezikwa. Kwetu mfiwa kuongea na marehemu wake si wazimu, na usikimbilie kuandika hivyo.

Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona (huzuni iliyogeuka ugonjwa), lina maswali 9, na hilo la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, ndilo wengi hulipita haraka. Mimi nililiendea taratibu. "Baba, kuna siku unaona heri ulale usiamke?" Akatikisa kichwa kukubali. "Umefikiria kujiua?" Akashusha pumzi ndefu. "Sista, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Kumbe alishaficha dawa ya wadudu ya shamba la tumbaku nyuma ya ghala, wiki ya 3 sasa. Wazo alikuja nalo mwenyewe, na kama nisingeuliza angerudi nalo nyumbani.

Mwanawe mkubwa aliondoka mchana huohuo kwenda kuitoa, na sikumpa mzee ruhusa ya kulala nje ya wodi mpaka kijana alipopiga simu kwamba imeshaondolewa. Ya dawa za sonona na kliniki mnayajua, ila waambieni ndugu mapema kwamba dawa huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nafuu, wasije wakaziacha siku ya 5.

Siku hizi mama ntilie namuuliza kilo ya unga inatoa chapati ngapi, mchungaji namuuliza ng'ombe walioingia zizini jana. Fomu naijaza baadaye, mgonjwa akishatoka.