Doa moja, vilele viwili: siku yangu maabarani

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijagusa chupa yoyote, nasoma daftari la maabara. Dondoo la majani limelala kwenye friji, na leo nataka kutoa humo dutu moja iliyo safi. Ni mwaka wangu wa pili wa shahada ya uzamivu.

Saa 2:00. Koti, miwani, glavu. Najaza silika, unga unaoshika kila dutu kwa nguvu tofauti, kwenye safu ya kioo (bomba lililosimama), naweka dondoo juu yake, napitisha viyeyushi viwili, heksani na ethaili asetati. Kiyeyushi kisishuke chini ya uso wa silika: hewa ikiingia, silika hupata nyufa na kila kitu hushuka kikiwa kimechanganyika. Mikhail Tsvet alitenganisha rangi za majani kwa namna hii mwanzoni mwa karne ya 20, akitumia unga wa kalisi kaboneti. Mkanda wa kijani unapoachana na wa manjano, bado moyo wangu hufurahi.

Saa 5:00. Kilichoshuka kimejaza neli 42. Naweka tone la kila moja kwenye bamba la silika, kisha naliangalia chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254. Neli ya 17 hadi ya 23 zina doa moja. Nazichanganya na kuvukiza kiyeyushi. Unabaki unga mweupe, miligramu 11.

Saa 8:00 mchana. Mashine ya HPLC, inayotenganisha dutu kwa shinikizo kubwa na kuchora kilele kila dutu inapopita mbele ya mwanga; safu ya C18 (silika iliyovikwa minyororo ya kaboni 18), maji na kiyeyushi asetonitrili. Kilele kirefu kinatokea dakika ya 14. Pembeni yake kuna kingine, kifupi.

Napitisha kiyeyushi kitupu, huenda ni mabaki ya sampuli ya mtu mwingine. Mstari umenyooka, hakuna kilele. Basi kipo kwenye unga wangu. Silika haikuvitenganisha, C18 imevitenganisha.

Eneo la kilele kile kifupi ni asilimia 6 hivi ya jumla, lakini eneo si uzito: dutu inayofyonza mwanga kidogo huonekana ndogo kuliko ilivyo. Mwenzangu ananishauri niendelee tu. Siwezi. Unga huu utajaribiwa kwa bakteria; ikiwa kinachowaua ni hicho kidogo, tasnifu yangu itakisifu kitu kingine.

Saa 10:00 jioni. Napunguza kasi ya kuongeza asetonitrili. Mara ya tatu vilele vinaachana hadi chini kabisa. Naanza kukusanya, kila kimoja na chupa yake.

Saa 2:00 usiku. Nabandika lebo: tarehe, namba ya ukurasa wa daftari, uzito. Kesho saa 3:00 nina zamu ya NMR, mashine inayotumia sumaku kuonyesha muundo wa molekuli, na nitapeleka chupa zote mbili.