Kipindi cha kusoma chenye watoto 80: ninavyokiendesha

Nafundisha darasa la kwanza wilayani Uyui, Tabora. Kipindi ni dakika 30, watoto 80.

Naanza na sauti, si jina la herufi. Herufi m hutamkwa midomo imefungwa, "mmm", bila irabu nyuma yake. Hapa ndipo walimu wengi tunapoharibu. Mtoto akizoea kuiita "ma", ukimwandikia "me" atasoma "mae", na wala hajui amekosea wapi. Ndiyo maana baada ya irabu tano natanguliza m, s, n na l, sauti zinazovutika. K na t hazivutiki, zinasubiri.

Dakika 5 za kwanza tunarudia sauti za jana kwa kadi. Dakika 10 ni za sauti moja mpya, haiongezwi ya pili. Tukiwa kwenye s, naweka kidole kimoja kwenye s, kingine kwenye a, navisogeza polepole, "sss… a", mpaka vinagusana: "sa". Kisha maneno: sema, sumu, sima.

Jihadhari na "sa se si so su". Kwa mpangilio huo huo kila siku, unageuka wimbo; utamwona mtoto anaimba huku macho yake yakiwa darini. Mimi navuruga: su, sa, so. Wasiosoma hujulikana papo hapo.

Halafu vikundi 10 vya watoto wanane. Kila kikundi kina visoda 25 vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino mzito: kila irabu mara 3, konsonanti tano mara 2. Wakiunda maneno, mimi nakaa na kikundi kimoja, kila mtoto ananisomea peke yake. Siku 10 za shule, darasa zima limepita mbele yangu.

Wengi nyumbani wanaongea Kinyamwezi, kwa hiyo r na l huwasumbua. Sizifundishi pamoja katika wiki moja. Kwa l ncha ya ulimi inagusa juu, nyuma ya meno, na kutulia. Kwa r inatetemeka. Anayetazama "rangi" akatamka "langi" amesoma. Namrekebisha ulimi tu. Akiiandika "langi" kwenye imla, hapo tunarudi kwenye kadi.

Silabi mwambatano, mba, nda, nya, naziacha hadi wasome silabi nyepesi bila kusita. Ng'ombe anakuja mwisho kabisa, kwa kuwa amebeba ng' na mb pamoja.