Nilivyojifunza Kuupata Msuli wa Kidole kwa Sumaku

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili mjini Göttingen, nchini Ujerumani, kazi yangu ya kwanza maabarani ilikuwa kutafuta, juu ya kichwa cha mtu aliyetulia kitini, mahali panapouendesha msuli ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Njia hiyo ilionyeshwa na mtafiti Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield mwaka 1985: umeme ukipita ghafla katika koili, yaani waya uliozungushwa, nguvu ya sumaku hupenya fuvu na kuziamsha seli za ubongo, na kidole cha mkono wa upande wa pili hushtuka bila mwenyewe kukusudia.

Kazi hii inataka subira. Niliiweka koili sentimita chache kando ya utosi, mpini ukielekea nyuma kwa mshazari, nikawa naisogeza kidogo kidogo huku nikitazama kwenye skrini wimbi la umeme wa msuli, ambalo hutokea milisekunde 20 na ushei baada ya pigo la sumaku. Palipotoa wimbi kubwa kuliko pengine nilipatia alama, kisha nikapunguza nguvu ya sumaku hadi mapigo 5 tu kati ya 10 yatoe wimbi linalofikia mikrovolti 50. Kilichonisumbua zaidi ni mkono wenyewe, kwa kuwa ukikazwa hata kidogo wimbi hukua na vipimo hupotoka. Nilifanikiwa nilipoulaza juu ya mto na kuupitisha umeme wa msuli kwenye spika, ili mhusika asikie mkwaruzo kila anapoukaza, naye aulegeze mwenyewe.

Ndipo tulipofunga sponji mbili zilizolowa maji ya chumvi, moja juu ya alama, nyingine juu ya jicho la upande wa pili, tukapitisha mkondo dhaifu wa umeme wa miliampea 1, tuone kama wimbi litabadilika. Watafiti Nitsche na Paulus walionyesha mwaka 2000, mjini humo humo, kwamba elektrodi chanya, yaani sponji ya upande chanya wa umeme, ikiwa juu ya eneo la ubongo linaloendesha mkono wimbi huongezeka, hasi ikiwekwa hapo hupungua, na athari hubaki kwa muda baada ya mkondo kuzimwa. Niliyaona hayo kwa baadhi ya watu. Kwa wengine hapakuwa na badiliko lolote, na wenye wagonjwa nyumbani wanaotumainia njia hizi wana haki ya kuambiwa hivyo.

Shangazi yangu, aliyepooza mkono wa kulia kwa kiharusi, aliniuliza kwa simu: “Mwanangu, hiyo sumaku itanirudishia mkono wangu?” Nilimweleza kuhusu jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, ambamo wagonjwa karibu 200 walifanya mazoezi, wengine wakipewa sumaku ya kweli na wengine ya bandia, na makundi yote mawili yakapata nafuu iliyokaribia kulingana. Kwa hiyo nilimsihi asiache mazoezi aliyopangiwa na mtaalamu wake wa viungo kwa kuisubiri mashine, na tukakubaliana awe ananipigia kila Jumapili kunieleza ni vitu gani ameweza kuvishika.