Miezi ya Katikati ya Mimba na Jua la Mombasa

Mwezi wa nne ukiingia, kichefuchefu hupungua kwa wengi, chakula huanza kukaa tumboni na mwili hurudisha nguvu kidogo. Kipindi hiki, wiki ya 14 hadi ya 27, ndicho chenye nafasi ya kuuzoesha mwili kabla tumbo halijawa zito. Ajabu ni kwamba ndipo mama mkwe na mashangazi wanapoanza: "Kaa chini mwanangu, usije ukajichosha." Wanasema kwa mapenzi. Lakini kwa mimba isiyo na tatizo, kukaa kutwa ndiko kunakoleta choo kigumu, mgongo kuuma, miguu kuvimba na usingizi wa mang'amung'amu. Kinachomchosha mja mzito wa Mombasa aghalabu ni jua, maji machache na damu iliyopungukiwa na madini ya chuma. Vitatu hivyo vikitengenezwa, mwendo humpa nguvu badala ya kumpunguzia.

Tuanze na saa. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, joto hufika nyuzi 32 na hewa imejaa unyevu. Jasho hutiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Mja mzito ana mzigo wake juu ya hapo: damu huongezeka hadi karibu nusu zaidi ya kawaida, mishipa hulegea ili kuipokea, na presha hushuka kidogo katika miezi hii. Ndiyo maana mtu husimama foleni ya benki saa saba mchana na ghafla macho yakaona giza. Tembea baina ya saa kumi na mbili u nusu na saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Kusi ikishaingia ratiba inaweza kulegea, ila Aprili na Mei masika hugeuza vichochoro kuwa utelezi mtupu. Siku hizo tembea ndani ya nyumba, chumba hadi baraza. Kuanguka ni kubaya kuliko kukosa matembezi siku mbili.

Kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Asiyekuwa na mazoea asianze na nusu saa. Aanze na dakika 10, siku tano kwa wiki, kisha aongeze dakika 5 kila wiki. Wiki ya tano atakuwa amefika dakika 30, na 30 mara tano ndizo 150. Kipimo cha kasi ni mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, upo sawa. Ukikata maneno kwa kutweta, punguza mwendo. Kunywa glasi ya maji nusu saa kabla ya kutoka na ubebe chupa ya nusu lita. Mkojo wa manjano hafifu ni sawa. Ukifanana na chai ya rangi, umechelewa kunywa. Wenye kutegemea kisima cha mtaani wajue kwamba maji ya chumvichumvi hayakati kiu, na kuyachemsha huua vijidudu bila kuondoa chumvi. Ya kunywa yatafutwe kwingine.

Mavazi nayo yana neno. Dera la pamba hupitisha hewa. La kitambaa cha kuteleza hushika jasho kama mfuko wa nailoni. Chini ya buibui vaa kitu chepesi kimoja, si viwili. Kandambili zibaki nyumbani, kwa sababu katika mimba maungo hulegea na kifundo cha mguu hupinduka upesi. Vaa viatu vya kufunga nyuma, soli bapa, na kwenye ngazi za ghorofa shika dera kwa mkono mmoja na ukingo kwa mwingine.

Pa kutembelea pasikusumbue. Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, ni pazuri: sakafu iliyotengenezwa, upepo wa bahari, mibuyu ya kivuli. Mji wa Kale una kivuli kuliko sehemu nyingi kisiwani, lakini pikipiki na mikokoteni hupita kwenye uchochoro wa upana wa mikono miwili, kwa hiyo afadhali alfajiri. Wa Likoni wanaovuka feri kila siku tayari wana mazoezi ya bure, ila kuna jambo la kuangalia: maji yakipwa, mteremko wa kushukia huwa mrefu, mkali na wenye utelezi. Subiri umati upite, shuka pembeni, hatua fupi. Kusukumwa ndiko hatari pale, wala si kutembea.

Na bahari yenyewe? Hapa Mombasa tumepewa bwawa lisilolipiwa, na kusema kweli wajawazito wengi hawalitumii. Maji yakifika kifuani hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, nyonga hupumzika, na mgandamizo wake hurudisha maji yaliyotuama miguuni. Baada ya robo saa utajikuta unataka kwenda haja ndogo, nayo ni dalili njema. Tembea ndani ya maji ya kiunoni hadi kifuani, sambamba na ufuo, dakika 15 hadi 20, ukisukuma maji kwa viganja. Chagua siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kwa nguvu na mkondo unaweza kumvuta hata mtu mzima asiye na tumbo. Nenda na mwenzio, vaa viatu vya plastiki kwa ajili ya mawe na miba, na usiingie ukiwa na leso mbili mwilini: zikilowa huwa nzito na kujizonga miguuni. Anayetembea mchangani afuate mchanga mgumu uliolowa, mahali palipo bapa. Ufuo ulioinama huweka mguu mmoja juu na mwingine chini, na kesho yake kiuno kitadai.

Kazi za nyumbani ni mwendo pia, lakini nyingi zina mkao mbaya. Mbuzi ya kukunia nazi ndiyo ya kwanza. Unakaa chini mno, magoti juu, tumbo limebanwa, na ukiinuka ghafla kizunguzungu. Kuanzia mwezi wa tano nunua nazi iliyokunwa sokoni au mpe kijana wa nyumbani. Ukilazimika, ukune kifuu kimoja, inuka taratibu, tembea kidogo, rudi kwa cha pili. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 upande mmoja wa mwili. Beba miwili ya lita 5, mkono huu na huu, na urudie safari. Kufua: beseni lipande juu ya meza au kigoda kirefu, lisikae sakafuni. Ufagio wa chelewa bila mpini hukuinamisha nyumba nzima, basi ufungie mpini.

Mkekani fanya machache tu. Kuswali kwenyewe kuna kuinama na kunyanyuka, na mwenye kupata kiungulia au kizunguzungu kwenye sijida ana ruhusa ya kuswali akiwa ameketi. Mkao wa paka ni jamaa yake: magoti na viganja chini, pandisha mgongo polepole ukitoa pumzi, ushushe uwe bapa bila kuubonyeza chini, mara 10. Kisha simama mbele ya kiti imara, kaa kama unayegusa kiti tu, inuka, mara 10. La tatu halionekani na ndilo linalosahaulika: misuli ya chini ya nyonga. Ibane kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu hadi 5, legeza hadi 5, mara 10, asubuhi, mchana na usiku. Baada ya wiki chache hesabu ifike 10. Kosa la kawaida ni kukaza makalio na kuzuia pumzi, na hapo misuli inayotakiwa haifanyi kazi. Usiifanye ukiwa chooni unakojoa, kwa sababu kibofu huweza kubaki na mkojo, na mkojo uliobaki huleta maambukizi.

Kuna maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida. Mchomo wa ghafla kwenye kinena unapopiga chafya au kugeuka kitandani ni kano za mfuko wa uzazi zinazovutika. Kunja magoti kabla ya kukohoa, utapungua. Maumivu ya mfupa wa kinena unaposimama kwa mguu mmoja ni nyonga iliyolegea. Huyu avae nguo ya ndani akiwa ameketi, apande ngazi hatua kwa hatua, na kwenye tuktuk atangulize makalio, kisha azungushe miguu yote miwili ndani kwa pamoja. Msuli wa mguu ukikaza usiku, nyoosha goti na uvute vidole kuelekea kwako. Kunyooshea vidole mbele huzidisha. Kukandwa mgongo na miguu kwa mafuta ya nazi ni raha tupu. Kukandwa tumbo kwa nguvu "kumweka mtoto sawa" kuachwe kabisa. Katika miezi hii mtoto bado anageuka apendavyo, na mkono mzito unaweza kuleta madhara.

Sasa damu, maana hapa ndipo penye uchovu mwingi unaoitwa "wa mimba tu". Kliniki hutoa kidonge chenye madini ya chuma miligramu 60 na asidi foliki mikrogramu 400. Wengi hukimeza asubuhi kwa chai ya maziwa, mahamri na mbaazi, na chai hiyohiyo huzuia chuma kisiingie damuni. Kihamishie usiku, angalau saa mbili baada ya chai, kwa maji ya ndimu au chungwa. Unga mweupe wa ubuyu ukiukoroga kwenye maji una vitamini C nyingi. Yale mabuyu mekundu ya sukari ni peremende, tusidanganyane. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikiwa kigumu, ongeza maji, mchicha na mapapai kabla ya kufikiria kuacha dawa. Kliniki ulizia namba ya damu yako (himoglobini, kwa gramu katika desilita), usikubali kuambiwa "iko sawa": chini ya 10.5 katika miezi hii ni upungufu, na chini ya 7 matembezi yasimame hadi utibiwe. Anayetamani udongo apimwe damu upesi, kwani hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzidi kukizuia, mbali na minyoo na madini ya risasi vinavyoweza kuwemo.

Kula kwa ajili ya watu wawili ni maneno ya mdomoni. Nyongeza inayohitajika ni takriban kalori 340 kwa siku, yaani kibakuli cha mbaazi na kipande cha samaki, wala si sahani ya pili ya wali wa nazi. Dagaa, changu na tafi ni salama. Papa, awe mbichi au ng'onda, aachwe mpaka baada ya kunyonyesha kwa sababu ya zebaki. Nusu saa baada ya kula, tembea dakika 10 za polepole. Kiungulia hupungua na sukari haipandi sana.

Homa haimo katika uchovu wa mimba. Pwani ni ukanda wa malaria, na kliniki hutoa vidonge 3 vya SP, dawa ya kukinga malaria, kwa mpigo mbele ya mhudumu kuanzia wiki ya 13, kisha tena baada ya kila mwezi mmoja au zaidi. Anayetumia septrini hapewi. Asidi foliki ya miligramu 5 inayouzwa dukani hupunguza nguvu ya SP, hivyo mwonyeshe muuguzi kila kidonge unachomeza. Neti itumike hata usiku wa joto. Elekeza feni kwenye neti.

Kulala, lalia ubavu, mto baina ya magoti. Baada ya wiki ya 20 usilale chali kwa muda mrefu, wala usifanye mazoezi chali, kwa kuwa mfuko wa uzazi huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ukiamka na kujikuta chali, geuka tu, hakuna kilichoharibika. Wa kusafiri kwenda Nairobi, hiki ndicho kipindi chake: kwenye treni inuka kila saa moja utembee behewani, na kwenye gari mkanda wa chini upite chini ya tumbo juu ya mifupa ya nyonga, wa juu upite baina ya matiti. Bodaboda iache.

Wenye kondo lililo chini, presha ya mimba, shingo ya kizazi iliyofupika au ugonjwa wa moyo wasifuate haya bila daktari. Na yeyote akitokwa na damu au maji ukeni, akipata tumbo linalokaza kwa mpangilio, kichwa kikali chenye kuona ukungu, uso kuvimba, maumivu ya kifua, au mguu mmoja tu kuvimba na kuuma, asimamishe kila kitu na aende hospitali saa ileile. Mtoto kwa mimba ya kwanza huanza kusikika akicheza karibu wiki ya 18 hadi 20. Akishazoea kucheza kisha akanyamaza, usingoje tarehe ya kliniki. Weka namba ya dereva wa tuktuk anayekubali kuitwa usiku, na kijitabu cha kliniki kikae kwenye mkoba, si kabatini.