Jiwe la Kilo Mbili

Agosti ya mwaka 2007 ilianza siku ya Jumatano, na usiku wa kuamkia siku hiyo mama mdogo alitangaza kwamba mwezi mzima tutasoma Mithali. Mpango wake hauhitaji karatasi: Mithali ina sura 31 na Agosti ina siku 31, kwa hiyo tarehe ya leo ndiyo sura ya leo. Ukikosa siku mbili kwa sababu ya msiba au safari, huna deni la kulipa, unatazama kalenda ukutani na kuingia palipo na wenzako. Mipango mingi ya kusoma Biblia hufia hapo kwenye deni. Mtu anaachwa nyuma sura tisa, anaona aibu, anafunga kitabu hadi Januari nyingine.

Nilikuwa nimekaa kwao Tukuyu nikisubiri kuanza chuo, nawasaidia kwenye duka lao la nafaka. Kanisani kwetu Moravian tulizoea neno la siku, ule mstari unaochaguliwa kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani, na ambao umekuwa ukichapwa kitabuni tangu mwaka 1731. Mama mdogo aliuheshimu, ila alisema mstari mmoja ni karanga, na mtu anayekwenda kubeba magunia hanywi chai kwa karanga.

Ibada ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla hatujafungua duka. Sura ya Mithali ikisomwa kwa sauti haimalizi dakika tano, na sisi tuliisoma mara mbili: kwanza mtu mmoja peke yake, kisha kwa zamu, kila mtu mstari wake. Mara ya pili ndiyo yenye kazi. Kuanzia sura ya 10 methali nyingi hazifuatani kama hadithi, karibu kila mstari umesimama peke yake, na sikio la asubuhi likishasikia mistari sita ya namna hiyo linalala. Ukijua mstari wa nne baada ya huu ni wako, unakaa macho.

Baada ya hapo kila mmoja alichagua mstari mmoja na kuufunga kwenye kitu. Hii ndiyo kanuni aliyoisimamia kwa ukali kuliko zote: kitu hicho kiwe kinashikika kwa mkono, kiwe ndani ya uwezo wako mwenyewe, na kishughulikiwe kabla jua halijazama. "Nitakuwa mvumilivu" alikukatalia. "Nitakwenda kwa jirani kurudisha sufuria yake" alikubali. Kosa la kwanza la wasomaji wapya, na mimi nilikuwa mmoja wao, ni kuokota mstari unaomfaa mtu mwingine. Tarehe 6 niliposoma habari za mvivu na chungu huku nikimtazama binamu yangu, niliambiwa nichague mwingine.

Tarehe 11 ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Mstari wa kwanza kabisa wa sura ya 11: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Hakuna aliyepata shida ya kutafuta kitu. Baba mdogo alichukua tochi tukaenda dukani.

Mizani yetu ilikuwa ile ya mezani ya sahani mbili, ya kizamani, yenye ndimi mbili katikati zinazotazamana. Kuipima kwake ni hivi. Unaiweka mahali palipo sawa, maana meza iliyoinama inatosha kuiharibu. Unapangusa sahani chini na juu, kwa sababu sukari ikishika unyevu hugandia chini ya sahani ya bidhaa, na kila gramu iliyogandia pale mteja anailipia kama chakula. Unaiacha tupu, unaibonyeza kidogo upande mmoja, unaiachia. Ndimi zikirudi kutazamana, vizuri. Halafu unapakia kitu upande wa kushoto na mawe upande wa kulia, unasawazisha, kisha unabadilishana pande. Ikibaki sawa, mikono yake miwili ni sawa. Yetu ilifaulu yote. Baba mdogo alifungua duka akipiga mluzi.

Alhamisi tarehe 16 tukafika sura ya 16, mstari wa 11, unaorudia habari ya mizani lakini unaongeza "mawe yote ya mfukoni". Zamani mfanyabiashara alitembea na mawe yake ya kupimia kwenye mfuko, na mwenye tamaa alikuwa na seti mbili, nzito ya kununulia na nyepesi ya kuuzia. Kumbukumbu la Torati 25 linamkataza huyo. Siku ile ya 11 sisi tulikuwa tumepima mizani tu. Mawe hatukuyagusa.

Mama mdogo aliweka mawe mawili ya kilo moja moja upande mmoja, na jiwe la kilo mbili upande wa pili. Jiwe la kilo mbili likapanda juu.

Hapo bado hujui mkosaji ni nani, maana huenda zile kilo moja ndizo nzito. Tukatumia maji, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Chupa mbili tupu za aina moja, moja kila sahani, ndimi zikatazamana. Moja tukaijaza lita moja (kwa kuipima, si kwa kuijaza hadi mdomoni, maana chupa ya lita hubeba zaidi ya lita), na upande wa pili tukaongeza jiwe la kilo moja. Sawa. Jiwe la pili la kilo, sawa. Kwa hiyo mwongo alikuwa lile la kilo mbili. Tulipoligeuza tukaona tundu chini yake, tupu, limeingia vumbi. Mawe ya chuma huwa na tundu hilo, hujazwa risasi, ile metali laini na nzito, ili uzito ufike sawasawa, na muhuri wa wakaguzi wa vipimo hugongwa juu ya risasi hiyo. Risasi ilikuwa imedondoka, na muhuri umekwenda nayo. Tulipoongeza kijiwe cha gramu 50 upande wake, ndimi zilitazamana.

Gramu 50 katika kilo mbili hakuna mteja anayeziona. Mchele tuliuza shilingi 800 kilo, kwa hiyo ni shilingi 40 kila jiwe lile lilipotumika. Baba mdogo alitaka kuyeyusha risasi ya betri mbovu ya gari azibe tundu siku hiyo hiyo. Mama mdogo akamwambia, "Baba Neema, utaziba tundu, na muhuri utaugonga wewe?" Alikuwa na haki. Jiwe hulitengeneza fundi wa mizani mwenye leseni, na lisipogongwa muhuri upya ni kosa kisheria hata kama uzito umetimia. Likafungwa kwenye gazeti kusubiri safari ya Mbeya, na sisi tukaendelea na zile kilo moja mbili.

Kilichofuata ni daftari. Risasi ilidondoka lini hatukujua, ila Januari wakaguzi walipogonga muhuri ilikuwapo, basi tukahesabu kuanzia siku iliyofuata, tarehe mbaya kuliko zote kwetu. Tangu hapo tulikuwa tumeuza magunia 24 ya mchele na 9 ya maharage, kilo mia kila moja. Wateja wengi wa Tukuyu hununua kilo, nusu na robo. Tulikadiria theluthi ndiyo iliyopita kwenye jiwe la kilo mbili. Mchele: kilo 800, mara 400 za kupima, upungufu kilo 20, shilingi 16,000. Maharage kwa bei ya 700: kilo saba na nusu, shilingi 5,250. Jumla 21,250.

Urudishe kiasi gani? Zakayo katika Luka 19 aliahidi mara nne, na baba mdogo alipofikisha hesabu kwenye 85,000 aliikunja karatasi. Walawi 6 inasema mali yenyewe na sehemu ya tano juu yake. Sura hiyo inamhusu mtu aliyedanganya akijua, na sisi hatukujua, lakini mama mdogo alisema kama mdanganyifu analipa sehemu ya tano, asiyejua asilipe pungufu kisha ajione mwema. Ikawa 25,500. Waliokuwa kwenye daftari la mikopo tuliwajua kwa majina, tukawarudishia 9,000 kwa bidhaa. Wa fedha taslimu hatukuwajua. Hesabu 5, mstari wa 8, inaeleza la kufanya pale asipokuwapo wa kurudishiwa: mali huwa ya Bwana, anapewa kuhani. Shilingi 16,500 zikaenda kwenye kapu la wajane kanisani.

Nilidhani tumemaliza. Jumatatu tarehe 20, sura ya 20, ikaja na mizani tena, na si mara moja: mstari wa 10 na wa 23, yote inataja "vipimo mbalimbali". Baba mdogo alijitetea kabla hajaulizwa. Jiwe lile lile tulilouzia ndilo tulilonunulia, kwa hiyo tuliponunua tulipunjwa sisi. Ni kweli: jiwe jepesi linampunja mwenye kupokea nafaka, awe nani.

"Maharage tunanunua kwa jiwe?" mama mdogo aliuliza.

Tulinunua kwa debe. Akina mama walishuka nayo kutoka vijijini, na debe la mnunuzi halipimwi likiwa sawa na ukingo. Linajazwa, linatikiswa, linagongwa chini, linajazwa tena mpaka lifanye kichuguu juu, na maharage yanayomwagika pembeni yanabaki kwenye turubai la mnunuzi. Ni dada yake lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kiasi kwa bei ya gunia moja. Wanunuzi wote wa soko walifanya hivyo, na baba mdogo alikuwa na mzaha wake kwa kila muuzaji aliyelalamika, akimnukulia Luka 6:38, "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa mstari ule unamwambia anayetoa, haumpi mnunuzi ruhusa ya kudai. Na katikati ya mistari ile miwili ya vipimo, wa 14, umekaa mnunuzi mwenyewe akisema "Haifai, haifai," kisha anakwenda zake kujisifu. Zamu ilimwangukia baba mdogo kuusoma.

Tukapima debe la maharage lililosawazishwa ukingoni kwa ubao, na debe la kichuguu. Tofauti: kilo moja na robo tatu. Magunia yale 9 tuliyapata kwa debe 50. Kilo 87 na nusu, kwa bei ya kununulia ya 500, shilingi 43,750. Jiwe bovu, kwa miezi saba na ushei, lilikuwa limechukua nusu ya hiyo, tena nusu kasoro. Jiwe lilikuwa ajali. Debe tulilijaza kwa mikono yetu kila Jumamosi, na hakuna mkaguzi ambaye angekuja kuligeuza chini kutafuta tundu.

Baba mdogo hakusema kitu. Jioni nilimwona akipiga randa kipande cha ubao wa mninga, urefu kama mkono hadi kiwiko, akikitazama kwa jicho moja kama kimenyooka.

Jumamosi tarehe 25 alifika muuzaji wa kwanza, bibi mmoja mwenye kikapu mgongoni. Baba mdogo alijaza debe, hakulitikisa, akapitisha ubao ukingoni, na maharage yaliyozidi akayarudisha kikapuni kwa viganja. Bibi akaushika mkono wake.

"Mbona mwanangu unayarudisha? Yana wadudu?"

"Hayana, bibi. Debe limejaa."

Alimtazama, akalitazama debe, akageuka kuwatazama wanunuzi wa upande wa pili wa barabara ambao walikuwa wameacha kazi wakituangalia. Kisha akaokota maharage machache kutoka kikapuni, akayavunja kwa meno moja moja kuhakikisha, na aliporidhika akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akadai hela yake, akaihesabu mara mbili.