Unga wa kijani

Juzi asubuhi, tukiwa bado getini, binti yangu akanyoosha kidole kwenye dashibodi: "Baba, mbona hiyo taa ya betri inawaka halafu inazima?" Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa. Ukifungua swichi iwake, injini ikishika izime, kwa sababu altaneta imeanza kuzalisha umeme. Akaridhika. Mimi ndiye niliyebaki nimeduwaa, nikiiwaza masika ya 2011.

Ile Corolla nyeupe ilikuwa inalala nzima, inaamka imekufa. Ndani ya miezi mitano nilishabadilisha betri mara mbili. Taa ilikuwa inazima vizuri kila nikiwasha, kwa hiyo altaneta sikuifikiria hata siku moja. Nilimfikiria mdogo wangu. Alikuwa anakaa kwangu Pasua, hapa Moshi, na usiku alipenda kuingia garini kusikiliza mpira redioni. Nikamnyang'anya ufunguo. Nikamsema mbele ya mama, tena kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Ikafika siku ya mama kwenda kliniki hospitali ya KCMC. Mvua, matope, stata inalia tak-tak-tak. Mdogo wangu, ambaye ufunguo hakuwa ameugusa kwa wiki tatu, ndiye aliyesukuma mpaka injini ikashika. Tope lilimfika magotini. Hakusema kitu. Mama tukamfikisha, injini sikuizima, nikashuka moja kwa moja hadi Majengo kwa fundi umeme mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lina nini?"

"Linakula betri."

"Gari halili betri, mwanangu. Fungua boneti."

Akaweka mita kwenye betri, injini ikinguruma: volti 12.3. Betri iliyojaa, gari limezimwa, husoma kama 12.6, injini ikiwa inafanya kazi unatarajia 13.8 mpaka 14.4. Nikasema basi, altaneta imekufa, na kichwani nilishaanza kupiga hesabu ya kununua iliyotumika. Mzee akatikisa kichwa. Akaniambia niwashe taa kubwa na feni, kisha akainama akagusa bolti ya nyuma ya altaneta: 14.2. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kuona fundi akikifanya. Ncha moja ya mita akaiacha pale pale kwenye bolti, ya pili akaiweka kwenye kichwa cha chanya cha betri.

"Soma."

1.9.

"Umeme unatoka, haufiki," akasema. Akauchukua mkono wangu akanishikisha waya ulio katikati. Ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai.

Kwa nje waya ule ulikuwa mweusi, safi, hauna hata mchubuko. Akazima injini, akafungua klemu ya betri kwa spana namba kumi, akautoa waya, akaulaza juu ya paja lake na kuupasua ganda kwa wembe, taratibu, kama mtu anayepasua samaki. Ukamwagika unga wa kijani, kutu ya shaba. Ulimjaa kwenye kucha. Akaukung'uta, akanipa nizihesabu nyuzi za shaba zilizokuwa bado zinang'aa. Zilikuwa sita.

Waya mpya haukuchukua hata nusu saa. Betri ikasoma 14.1. Betri ile, ambayo nilikuwa najiandaa kuitupa, ilikaa miaka mitatu mingine. Ya kabla yake nilishawauzia wa vyuma chakavu, na sasa nadhani nayo ilikuwa nzima.

Jioni nilimkuta mdogo wangu uani anakosha viatu vyake. Nikauweka ufunguo juu ya karo, karibu na mkono wake.

"Ulikuwa ni waya," nikamwambia.

"Sawa, kaka."

Akaendelea kusugua. Sijui kama maneno yale yanahesabika kuwa ni samahani. Ufunguo ulikaa palepale mpaka nilipouchukua mwenyewe usiku, na mpaka anahamia Mwanza, mpira alikuwa anakwenda kusikiliza kwa jirani.