Kaunda Suti, Safu ya Kwanza

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia usiku, mrefu kama tangazo la zabuni. "Kaka, msomee na Baba. Jinzi hapana. Raba hapana. Kandambili na makubadhi hapana. Fulana yenye maandishi hapana. Wewe suti na tai. Baba naye koti, shati la kola, suruali ya kitambaa, viatu vya kufunga kamba. Tafadhali msinitie aibu."

Ilikuwa 2013. Alikuwa na mwaka wa tatu akifanya kazi kaunta, Dubai, katika shirika moja la ndege la Ghuba, na miezi miwili nyuma alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Baba alitaka kumwona mjukuu. Tiketi zilikuwa za wafanyakazi, zile za bei ya chini wanazopewa kwa ajili ya wazazi na ndugu, ila ni za kusubiri: unafika uwanjani, jina lako linaandikwa, waliolipa nauli kamili wakishaingia wote ndipo wanatazama kama kuna kiti. Kikipatikana nyuma, unakaa nyuma. Kikibaki mbele tu wanaweza kukupeleka mbele, lakini wakukute umevaa.

Nilimsomea Baba ujumbe wote, hadi hapo pa aibu. Akauliza, "Koti la nini? Suti si ninayo?"

Nilijua anasema ipi. Nyumbani kwetu Muheza, ukisema suti ni ile moja: Kaunda ya tetroni ya kijivu, mikono mifupi, mifuko minne, suruali yake chini. Ili uielewe lazima nikurudishe 1983. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge. Nguo zilikuwa za foleni, na foleni yenyewe huna hakika mwisho wake kuna nini. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, lakini kitambaa hakijui mpaka. Kilitoka Mombasa kikapita Vanga kwa njia za panya mpaka Tanga. Baba akanunua mita tatu na nusu, hela ambayo Mama anaikumbuka mpaka leo. Hazikupita wiki tatu, Waziri Mkuu Sokoine akatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu wakawa wanaamka usiku kutupa sabuni na vitenge vichakani, maana kukutwa na kitu kizuri ilikuwa kesi. Baba hakutupa. Alipasua mto wa usufi, akakikunja kitambaa ndani, Mama akaushona, na Baba akaulalia miezi yote ile. Mama anasema shingo ya Baba haijawahi kunyooka vizuri tangu hapo. Mwishoni mwa mwaka mpaka ukafunguliwa, mto ukapasuliwa, kitambaa kikaenda kwa fundi wa Barabara ya Nane, Ngamiani.

Suti hiyo ilinisindikiza kidato cha kwanza. Ilikwenda mahakamani kwenye kesi ya kiwanja, ikashinda. Ilimwoza huyu huyu mdogo wangu anayeikataa leo. Nimwambie nani aiache?

Mimi nilikwenda soko la Karume, Dar. Koti nililipata kwenye mtumba mzuri, jeusi, linanikaa mabegani kana kwamba mwenyewe alinipima. Suruali nikaichukua meza nyingine, nyeusi pia. Mtumba una weusi wa aina nyingi, hilo nililijua baadaye. Usiku wa kuamkia safari tulilala gesti Ilala, na nilipotaka kupiga pasi shati, umeme ukakatika. Mhudumu akaniletea pasi ya mkaa, mkaa wenyewe haujashika. Nikapiga kola, nikapiga kifua, nikapiga kipande cha mkono kinachochungulia nje ya koti. Mgongo na mikono nikaiacha kama ilivyotoka begini. Wenzangu wa makoti mnanielewa.

Uwanjani, kijana wa kaunta alimwamkia Baba vizuri. Kisha akamtazama kuanzia kola mpaka viatu, akarudi kwenye kola.

"Mzee, koti hukuja nalo?"

Baba akashika ukosi. "Hili ni nini?"

"Hilo ni shati, mzee."

Nilitamani sakafu ya Terminali ya Pili ipasuke. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Lakini Baba hakupandisha sauti. Alijibu kwa ile sauti ya karani aliyekuwa akirudisha hesabu zenye makosa.

"Mwanangu, shati huchomekwa. Hebu niambie, hili lina mifuko minne, nikilichomeka hii miwili ya chini naipeleka wapi?"

Kijana akakosa jibu, akamwita msimamizi wake. Akaja mama mmoja wa makamo, miwani kwenye mnyororo. Akaamkia, akasikiliza pande zote mbili kama hakimu, kisha akauliza swali moja tu: "Suruali ni ya kitambaa kimoja na hilo la juu?"

"Kimoja. Mita tatu na nusu."

"Basi hiyo ni suti. Mwandike."

Halafu akanigeukia mimi. Taa za kaunta ile zilikuwa kali. Alilitazama koti, akaitazama suruali, akalitazama koti tena. "Na wewe," akasema, "umo kwa ajili ya mzee." Akaondoka.

Tukasubiri mpaka watu wote wameingia na mimi nimeanza kuwaza nauli ya kurudi Tanga. Ndipo wakaita majina. Nyuma kumejaa, akasema kijana, bila kututazama usoni, akatupa karatasi za kupandia. Safu ya kwanza.

Sitaeleza sana viti. Vilikuwa vinane, kila kimoja na mlango wake, na Baba aliufungua na kuufunga wa kwake mara mbili kuhakikisha unafunga kweli. Shida yetu haikuwa viti. Shida ilikuja na tabasamu: mhudumu wa kike aliinama kwa Baba, mikono mbele, akaomba amhifadhie koti. Huko mbele ndivyo wanavyofanya, wanachukua koti lako wanalitundika kabatini. Nikamtafsiria.

"Mwambie," Baba akasema, "nikimpa hili nabaki na singlendi."

Nikamwambia binti mzee anashukuru, anasikia baridi. Akanigeukia mimi na mikono ile ile. Nikafikiria mgongo wa shati langu. Nikasema na mimi nasikia baridi, huku jasho linanitoka kwenye nywele. Binti wa watu akaenda kutuletea mablanketi.

Ng'ambo ya njia alikaa bwana mmoja wa miaka hamsini hivi. Suruali ya mazoezi iliyochakaa magoti, fulana iliyofuliwa mpaka rangi ikasahau jina lake, na miguuni ndara. Baba alimtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Huyu wamempitisha vipi pale kaunta?"

"Huyu amelipa, Baba."

Akanyamaza. Ndege ikatembea, ikapaa, bahari ikabaki chini, bado amenyamaza. Kisha akanigusa mkono.

"Kwa hiyo ukilipa, huvai?"

Sikuwa na la kumjibu, na leo bado sina. Masharti yale ya koti na tai yalikuwa ya kwetu sisi wa kusubiri. Mwenye tiketi yake alitakiwa asinuke na asiwe uchi, basi.

Safari ni kama saa tano na nusu. Mdogo wangu alikuwa ameniambia nisile maharage, kwa sababu ndege ikiwa juu, hewa ya ndani wanaiacha iwe nyepesi kama uko mlimani mita 2,000 na ushee, juu kuliko Lushoto, na gesi ya tumboni inatanuka. Sikumsikiliza. Nilikula wali maharage gesti kwa sababu ulikuwa bei rahisi. Saa ya pili angani kifungo cha suruali kikaanza kunidai. Saa ya tatu nikalegeza kamba za viatu, maana miguu ikining'inia muda mrefu bila kutembea inajaa. Saa ya nne nikavivua kabisa, nikajuta papo hapo, kwa sababu soksi ya kushoto ilikuwa na tundu. Kila mhudumu akipita navuta blanketi. Baba yeye alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama anapigwa picha ya pasipoti. Kiti kinalala mpaka kinakuwa kitanda. Yeye hakukigusa kitufe. Wala viatu hakuvua.

Dakika arobaini hivi kabla ya kutua, yule bwana wa ndara aliinuka. Mhudumu alimfungulia lile kabati, akatoa nguo iliyofunikwa mfuko mrefu mweusi, akampa. Bwana akaingia nayo msalani. Alipotoka, hatukumtambua. Suti ya buluu nzito, shati jeupe lisilo na mstari hata mmoja, viatu vinang'aa. Akakaa, akafunga mkanda, akafungua gazeti.

Baba alimfuatilia kwa macho tangu mlango wa msalani mpaka kwenye kiti. Safari hii alimtazama kwa heshima.

"Kumbe naye aliificha," akasema.

Viatu vyangu havikuingia tena. Nilishuka nimekanyaga visigino, nikipita mbele ya mistari ya pasipoti kama mtu aliyetolewa kitandani. Koti lilikuwa limejikunja kuanzia kwapa hadi kiunoni. Mdogo wangu alikuwa anatusubiri nje pamoja na mumewe, mtoto mikononi. Alimwamkia Baba kwa kupiga goti, kisha akanitazama.

"Kaka, hivi ndivyo ulivyopanda?"

"Mengine yameharibika njiani."

Akamgeukia Baba. Tetroni, kwa wale msioijua, haijui mkunjo. Ilikuwa imenyooka kama asubuhi ile pale Ilala, mstari wa suruali bado unaweza kukata mkate.

"Baba, nilisema koti na shati. Wamekuruhusu vipi?"

"Waulize wenzako wa Dar," Baba akasema. "Nipe mtoto."

Akampokea, akamlaza begani. Hatukuwa tumefika mlangoni mtoto akacheua, maziwa yakateremka kijivu chote cha mgongoni. Mdogo wangu akapiga ukelele, akaanza kupekua mkoba akitafuta kitambaa. Baba akarudisha mkono nyuma, akafuta mara moja kwa kiganja, maziwa yakatoka yote.

"Haishiki hii," akasema, akaendelea kutembea.